Moto wa Moto Katika Nchi ya Upishano

Nilikwenda Upishano kwa ajili ya vifungo. Hiyo ndiyo biashara yangu: nawauzia mafundi cherehani vifungo vya chaza, vya pembe na vya shaba, na nilikuwa nimesikia kwamba watu wa nchi ile wanapenda kuvaa wakapendeza. Safari yenyewe haina la kusimulia. La kusimulia ni kwamba asubuhi ya kwanza nilipochungulia barabarani katika mji wao mkuu, nilidhani mji mzima unaungua.

Kila gari lilikuwa jekundu. Kila gari lilikuwa na ngazi juu ya paa, mpira wa maji uliosokotwa ubavuni, na king'ora kinacholia kama kimefiwa. Nilirudi ndani mbio kwa mwenyeji wangu, Bi. Mashavu, mshonaji wa nguo za harusi aliyenipangisha chumba cha uani.

"Bi. Mashavu, tutoke! Kuna moto!"

Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Moto gani?"

"Sijui gani. Magari yote ya zimamoto yametoka."

"Hao wanakwenda kazini, Bwana Vifungo. Kaa unywe chai."

Ghorofani alikuwa akikaa mama mkwe wake, Bi. Mwanamkuu, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu lakini ulimi bado. Alishinda dirishani akiwatazama wapitao, na kila mara sauti yake ilitushukia kwenye ngazi: "Mashavu! Yule wa duka la sukari naye kaweka ngazi! Juzi tu alikuwa anasukuma baiskeli!"

Nilipokunywa chai hiyo, Bi. Mashavu alinieleza mambo yalivyokuwa, nami nayaandika kama nilivyoyasikia.

Zamani soko kuu la mji liliungua likawa majivu. Haikuwa kwa kukosa maji. Watu walikuja kutazama, na ili waone vizuri walisimama juu ya mpira wa maji, kisha wakalalamika kwamba maji hayatoki. Wengine waliegesha magari yao juu ya bomba. Wengine walimshika askari wa zimamoto shati wamuulize moto umeanzaje, na ameoa au bado. Baada ya msiba huo, askari mmoja kijana, jina lake Sikudhani Kombo, alizunguka nyumba kwa nyumba kwa madiwani akiwaomba watunge sheria. Wakaitunga, na ilikuwa sheria nzuri, fupi kama amri ya mama: mtu asilizuie gari la zimamoto, asikanyage mpira wake, asiegeshe penye bomba la maji, asimsemeshe mzima moto akiwa kazini.

Sheria ikafanya kazi. Gari la zimamoto likipita, barabara inafunguka kama kanzu iliyokatika vifungo. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana wakubwa waliliona.

Wa kwanza alikuwa Diwani Mwinjuma. Siku moja alikwama kwenye msongamano akiwahi karamu, gari la zimamoto likampita, naye akafika pilau limekwisha. Kesho yake alikwenda mahakamani. "Mimi nazima moto kila siku," alisema. "Nazima moto wa fitina katika kata yangu. Sheria imesema zimamoto. Haikusema moto upi." Hakimu akawaita wajuzi wa lugha, nao wakathibitisha kwamba katika lugha ya nchi ile watu huwaka kwa hasira, maneno huwa moto, mapenzi huwa moto, na hata soko la vitunguu huwa moto. Mwinjuma akapewa rangi nyekundu na king'ora.

Baada yake mlango haukufungika tena. Waganga wakaomba kwa kuzima moto wa homa. Mama lishe wakaomba kwa kuzima moto wa njaa, na walimu moto wa ujinga, ingawa wengine walisema huo hawajauona ukipungua. Kungwi mmoja alipata kwa kuzima moto wa wake wenza. Muuza barafu alipewa bila hata kuulizwa. Kulikuwa na mtu anayejulikana mji mzima kwa uchochezi. Naye alipata, kwa hoja kwamba asipochochea yeye, wenzake hawatakuwa na cha kuzima.

Na mipira nayo ikapata kazi. Kwa kuwa ni kosa kukanyaga mpira wa zimamoto, mtu mwenye hadhi akitaka kunywa kahawa kwa utulivu aliukunjua mpira wake akaulaza kutoka ukuta hadi ukuta, na mtaa ukafungwa mpaka amalize kikombe. Niliona bibi mmoja ameuzungushia mpira mchicha wake ili mbuzi wa jirani asile. Mbuzi hakuijua sheria, na wakati ule kesi yake ilikuwa inaendelea.

Swali lililobaki lilikuwa moja tu: ikiwa wote ni zimamoto, nani ampishe nani? Serikali ikaweka katika kila njia panda ofisa aliyeitwa Mpima Mioto. Alisimama juu ya sanduku, amevaa glavu nyeupe, mwavuli mkononi, na kila gari lilisimama mbele yake lieleze linakwenda kuzima moto gani. Moto mkubwa zaidi ulipita kwanza. Foleni zilikuwa ndefu sana, lakini nilishangaa jinsi watu walivyozungumza kwa ufasaha.

Nilikwenda kituo cha zimamoto, maana mafundi waliniambia pale wanataka vifungo vya shaba. Ndipo nilipokutana na Sikudhani Kombo, sasa ni Mkuu wa kituo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya upole na viatu vinavyong'aa. Alikuwa na gari moja. Lilikuwa kuukuu, na katika mji ule wote ndilo pekee lililokuwa na maji ndani.

"Mnafanyaje moto ukitokea?" nilimuuliza.

"Tunatoka," akasema. "Kufika ni majaliwa."

"Na huwezi kukatiza? Wewe ndiye zimamoto wa kweli."

Alinitazama kama nimemshauri aibe. "Bwana, sheria hii niliiomba mwenyewe, nikabisha hodi milango ya watu na viatu vimetoboka. Mpima Mioto yupo kwa sheria hiyohiyo. Nikiivunja mimi, nani ataishika?"

Nilimwona mtu mwaminifu, na nikamhurumia kwa uaminifu huo.

Nilikuwa pale kituoni tena, nikimwonyesha vifungo, Bi. Mashavu alipoingia miguu mitupu, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Pumzi ilikuwa imemkatika.

"Afande, nyumba yangu! Kaa la pasi limeangukia vitambaa. Ngazi inawaka, na mama mkwe yuko juu!"

Sikudhani hakuuliza la pili. Tulipanda sote, Bi. Mashavu katikati, mimi nikiwa nimeshikilia mlango usiofungika, king'ora kikaanza kulia. Hakuna aliyegeuka. King'ora katika mji ule kilikuwa kama kunguru. Kila mtu alikisikia na hakuna aliyekisikiliza.

Tulifika njia panda. Mbele yetu, likiwa limelala njiani kama boko, lilikuwa gari la Diwani Mwinjuma lenye ngazi ya dhahabu. Mpima Mioto alitushukia na mwavuli wake. Alikuwa mtu mpole, msomi.

"Salaam, Afande. Unakwenda kuzima moto gani?"

"Moto," akasema Sikudhani.

"Ndiyo. Moto wa nini?"

"Moto wa moto! Nyumba inaungua."

"Aaa, moto wa nyumba." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Afande, nisikudanganye, moto wa nyumba ni mdogo. Huo ukiachwa huisha wenyewe. Lakini Mheshimiwa hapa ana moto wa aibu, na aibu huisha lini? Wajukuu watasimuliana."

Mwinjuma alitoa kichwa dirishani, kanzu yake inanukia uudi mpaka kwetu. "Binti yangu anaolewa leo alasiri na hana shela! Nakwenda kulichukua kwa fundi mwenyewe, maana kila nikimtuma mtu anarudi mikono mitupu."

Bi. Mashavu alinilalia magotini ili afikie dirisha. "Mheshimiwa! Fundi ndiye mimi! Shela lenyewe ndilo linaloungua!"

"Kumbe!" akasema Diwani. "Basi ndiyo sababu zaidi ya mimi kutangulia."

"Mheshimiwa, una maji kwenye gari lako?" Sikudhani aliuliza.

"Nina soda."

Mpima Mioto aliinua mkono wa glavu. Sasa, alisema, jambo limekuwa gumu, kwa sababu mioto miwili iko mahali pamoja. Ilibidi kwanza ijulikane kama aibu imo ndani ya nyumba, au nyumba imo ndani ya aibu. Aliomba maoni. Muuza barafu, aliyekuwa nyuma yetu, alisema nyumba imo ndani ya aibu. Mwalimu mmoja alisema hapana, na akaomba ubao. Bi. Mashavu alianza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakimtiririka juu ya utepe. Juu ya mapaa, upande wa mtaa wetu, moshi ulikuwa umekwisha kuwa mweusi.

Nilimtazama Sikudhani. Mdomo wake ulikuwa ukicheza, na nadhani alikuwa akiisoma sheria yake kimoyomoyo, akitafuta mlango wa kutokea.

Hapo tukasikia harufu.

Ilikuja kabla ya gari lenyewe. Watu nyuma ya foleni walianza kuyasogeza magari yao pembeni bila kuambiwa, pua zimebanwa. Muuza barafu alipanda juu ya kibaraza cha duka na gari lake zima. Mwinjuma alipandisha kioo, kisha akarudi kinyumenyume mpaka akagonga nguzo. Mpima Mioto mwenyewe aliteremka kwenye sanduku lake, akalikumbatia, akalihamisha. Katikati ya njia iliyofunguka likapita, polepole, bila king'ora, gari pekee katika mji ule lisilokuwa jekundu: gari la kunyonya vyoo.

Dereva wake aliitwa Ngozoma. Aliniambia baadaye kwamba wenzake walikuwa wamemshauri naye aombe rangi nyekundu, lakini kila alipofikiria ni moto gani anaouzima, aliona haya kuutaja mbele ya hakimu.

Sikudhani alifungua mlango akaruka chini.

"Ngozoma! Simama!"

Gari likasimama. Ngozoma alitazama nyuma kuona kama kuna Ngozoma mwingine. Haikuwa kawaida yake kusimamishwa.

"Pampu yako," Sikudhani alisema, akikimbia kuelekea kwake, "inavuta tu, au inatema pia?"

"Ikigeuzwa inatema, Afande. Mbona?"

"Tangi limejaa?"

"Pomoni. Nimetoka gesti."

"Ni maji?"

"Sehemu kubwa."

"Na sehemu nyingine?"

"Afande," akasema Ngozoma, "tusidanganyane."

Sikudhani alisimama kati ya gari lake jekundu, ambalo kisheria lilipaswa kumngoja Mpima Mioto, na lile la kijivu, ambalo sheria haikulitaja. Mtu aliyetaka kumwona akichagua alipaswa kutazama haraka. Alivua kofia ya cheo, akaiweka juu ya kiti cha gari la zimamoto kama mtu anayemwachia jirani mtoto, akapanda kwa Ngozoma. Mimi na Bi. Mashavu tulipanda nyuma, juu ya tangi. Sitaeleza zaidi kuhusu nyuma.

Tulifika kama mishale. Sijapata kuona mji ukitupisha vile, na nimekwisha kupita nchi ambazo wafalme wanapishwa. Moto ulikuwa umekula vyumba vya chini na unapanda ngazi. Bi. Mwanamkuu alikuwa dirishani pale pale anapokaa siku zote, kitambaa puani, anakohoa.

"Mama!" Bi. Mashavu alipiga kelele. "Tumefika!"

"Nimewasikia tangu mtaa wa pili!" alijibu. "Ni kitu gani hicho mmeniletea? Afadhali moshi!"

Ngozoma aligeuza pampu. Siwezi kuusifia mto ule ulivyotoka, lakini nitasema ulitoka kwa nguvu, na kwamba moto ulipouona ulishtuka. Sikudhani aliushika mpira kwa mikono miwili, miguu imepanuka, akiupeleka mlangoni, dirishani, kwenye ngazi, shati lake jeupe likibadilika. Majirani, ambao siku nyingine wangejaa pale kutazama, walikuwa wamesimama mbali kabisa, na hakuna hata mmoja aliyekanyaga mpira.

Diwani Mwinjuma alifika nyuma yetu. Bi. Mashavu alimkimbilia: "Mheshimiwa, ngazi! Tupe ngazi tumteremshe mama!" Na niseme haki, hakukataa. Yeye mwenyewe alisaidia kuivuta. Ilikuwa ya mbao nyembamba kama ya sanduku la chai, imepakwa rangi ya dhahabu, na ilivunjika kabla haijagusa ukuta. Diwani alibaki na kipande mkononi, akikitazama. Nadhani hakuwa amejua.

Basi Ngozoma alisogeza gari mpaka chini ya dirisha, akapanda juu ya tangi, akampokea Bi. Mwanamkuu mikononi kama bibi harusi. Bi. Mwanamkuu alimwuliza yeye ni mtoto wa nani, kwa sababu hata katika hali ile alitaka kujua kabebwa na nani. Alipowekwa chini, Bi. Mashavu alimkumbatia, na wote wawili walikaa barabarani wakiwa wamepakazwa, wanacheka na kulia, na mkwe anamwambia mama, "Unanuka," na mama anamwambia mkwe, "Umeanza wewe."

Moto ulizimika kabla ya alasiri. Shela halikupona. Mama mkwe alipona.

Wiki iliyofuata Sikudhani alishitakiwa.

Nilikuwapo mahakamani. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye miwani na hoja safi. Mosi, mshitakiwa aliliacha gari halali la zimamoto njia panda, likazuia magari mengine halali ya zimamoto. Pili, alizima moto kwa gari lisilo la zimamoto. "Na sheria yetu, Mheshimiwa Hakimu, inalitambua gari la zimamoto kuwa ndilo lizimalo moto. Moto uliozimwa na kisichokuwa zimamoto haujazimwa. Kwa hiyo nyumba ya Bi. Mashavu, kisheria, ingali inaungua hadi sasa."

Wajuzi wa lugha waliokuwa wamekaa pembeni walinong'ona kwa kuridhika.

Ikafuata kwamba, kwa kuwa nyumba inaungua, hakuna anayeruhusiwa kuingia ndani yake. Bi. Mashavu na mama mkwe walikuwa wakilala kwa jirani, na mikono ya Bi. Mashavu ilikuwa imechubuka kwa kusugua kuta kwa siri. Diwani Mwinjuma alikuwa amekwisha kupewa nishani, maana lake ndilo gari halali la zimamoto lililofika kwanza. Alikuwa ameivaa, lakini ameigeuza ndani ya kanzu.

Hakimu hakuwa mtu mbaya. Aliinama mbele. "Afande Kombo, umeitumikia nchi hii vizuri. Njia ni nyepesi. Ukikubali kwamba moto haujazimika, hukutenda kosa lolote, kwa sababu hukuzima kitu. Utarudi kazini kesho. Unasemaje?"

Sikudhani alisimama. Aligeuka akawatazama wale wanawake wawili kwenye benchi. Bi. Mashavu alimtikisia kichwa, kumwambia akubali. Ni kama alisema: tutakaa kwa jirani, kazi yako ndiyo muhimu. Niliiona ishara ile. Bi. Mwanamkuu hakutikisa chochote. Alikuwa anangoja kusikia.

"Mheshimiwa Hakimu," Sikudhani alisema, "moto umezimika. Nimeuzima mimi. Kwa mavi."

Mahakama iliguna. Sidhani kama neno lolote lililo wazi lilikuwa limetamkwa mle ndani kwa miaka. Mjuzi mmoja wa lugha aliinua kidole akauliza kama hiyo ni istiari.

"Hapana," akasema Sikudhani. "Nenda kanuse."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wawili, kisha benchi lote, na hakimu akagonga meza huku mabega yake mwenyewe yakitikisika. Lakini sheria ni sheria. Mshitakiwa alikuwa amekiri. Nyumba ikatamkwa kuwa imezimwa, wenyewe waingie. Na Sikudhani Kombo akaondolewa katika kazi ya zimamoto maisha yake yote, asiruhusiwe kupanda gari lolote jekundu. Alitoka akiwa amenyooka. Nje, kwenye pembe ya jengo ambapo alidhani hakuna mtu, nilimwona amejishika uso kwa viganja viwili. Sikumsemesha.

Nilikaa Upishano mpaka vifungo vilipokwisha. Asubuhi ya kuondoka nilisikia ile harufu, nikabana pua na kusogea ukutani pamoja na watu wote. Gari la kijivu lilisimama mbele yangu. Ngozoma alikuwa kwenye usukani, na pembeni yake, amevaa ovaroli na kilemba, Sikudhani.

"Bwana Vifungo! Unaondoka bila kuaga?"

Nilisogea, kwa adabu, ingawa machozi yalikuwa yananitoka. Niliuliza kazi mpya inaendaje. Alisema inakwenda; watu sasa wanajua wamwite nani, wanaita kupitia dirishani tu, kwa sauti ya chini. Juzi walizima ghala la pamba, na kabla yake jiko la mama lishe. Hakuna Mpima Mioto aliyewahi kuwauliza neno.

"Lakini hizo nyumba," nilisema, "baadaye zinakaliwaje?"

Walitazamana. Sikudhani aliteremka, akafungulia koki ya tangi, akakinga kiganja, akanywa. Maji yalikuwa safi, baridi, kama ya kisima. Kisha akanionyesha ndoo moja ndogo yenye kifuniko kilichotobolewa matundu, imening'inizwa mbele, karibu na taa; harufu yote ilikuwa ikitoka humo.

"Tunaibadilisha kila asubuhi," akasema. "Hiyo ndiyo ya barabara."

Nilitaka kumwuliza kama hachoki kukimbiwa na watu aliowapigania, yeye aliyetembea nyumba kwa nyumba. Lakini dirisha moja lilikuwa limefunguliwa ng'ambo ya mtaa, na mwanamke anapunga kanga bila kusema kitu, moshi unafuka nyuma yake. Sikudhani alifunga koki, akapanda, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Mtaa mzima ukampisha.